Alichokuwa Akilinda

Kitabu cha shule kilikuwa kimoja
na mchwa walikisoma kabla yetu.
Walianza na Japani, wakaimaliza,
wakaingia Uchina kwa mlango wa nyuma,
wakatuachia wafalme wawili na nusu ya mto.
Ndipo Chibago, kidato cha pili, dawati la dirishani,
akanyoosha mkono: "Mwalimu,
hao watu wa Asia walikuwa wanakula nini?"
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Sikuwa na jibu, na kengele ilichelewa.

Hapa Makang'wa mtandao ni kama mbuzi:
ukiutaka, upandie mwambani.
Bando la usiku ni nafuu,
saa sita hadi kumi na moja alfajiri,
basi nikawa mlinzi wa zamu isiyo na mshahara,
blanketi mabegani, simu yenye ufa,
na upepo wa Juni ukiniuma kama unanidai.

Niliandika "Asia", nikapewa tiketi za ndege.
Nikaandika "historia ya Asia", akaja
mwanamke anayeuza mafuta ya nywele.
Nikajifunza kuuliza kama mtu anayebisha hodi:
karne ipi, nchi ipi, mkulima au mfalme,
nani kaandika, nani kahifadhi.
Usiku wa nne mlango ukafunguka.
Maktaba ya mbali, jina lake silitamki vizuri,
imepiga picha karatasi zake moja moja,
hata zenye madoa ya chai,
ikaziacha wazi bila kuuliza
unatoka wapi na baba yako nani.

Nikagusa mchoro mmoja wa Bara Hindi.
Ukaanza kushuka taratibu, kama pazia.
Kwanza mbingu, rangi ya ganda la yai.
Kisha ndege, wadogo, wengi, vidoa vya wino.
Nikasubiri.
Kilemba. Bega. Mkono ulioinuliwa.
Kombeo!
Nililijua kabla halijakamilika.
Kisha nguzo nne na sakafu ya fito: ulingo,
kama ule nilioutumikia miaka sita
nikiwafukuza kwelea-kwelea tangu kungali giza,
nikifika shuleni sauti imeshakauka,
mwalimu akidhani ni kiburi.
Chini ya ulingo picha ikakwama.
"Ndugu mteja," simu ikaanza,
na mimi nilijua mwisho wa sentensi hiyo.

Kutwa nzima nilifundisha na nusu ya picha kichwani.
Analinda nini yule mtoto?
Mwalimu Ndudumizi wa Kilimo alisema mpunga,
bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

Usiku nilipanda na vocha mbili.
Mbingu tena, ndege tena, kombeo, ulingo,
na chini yake, shuke baada ya shuke,
vichwa vizito vikiinama upande mmoja,
mtama.
Mtama wetu. Ningeutambua hata gizani kwa kuupapasa.
Maelezo yalikuwa mafupi: zao lenye asili ya Afrika,
lilivuka hadi India zama ambazo tarehe zake zinabishaniwa,
likaendelea hadi Uchina.
Hayakusema nani alilibeba.
Nani alifunga mbegu kwenye pindo la nguo,
akafika ugenini, akaomba ardhi kidogo,
akamfundisha mtu asiyejua lugha yake
kwamba hiki ukikipanda, tafuta na mtoto wa kukilinda.

Asubuhi nikampelekea mama.
Alikuwa anapepeta; akafuta mikono kwenye kanga,
akaishika simu mbali na uso
kama sufuria inayochoma.
Alitazama muda mrefu.
"Umekomaa," alisema. "Wiki moja, wavune."
Kisha akamgusa mtoto kwa kidole chenye pumba,
picha ikavimba, uso ukajaa kioo,
uso mkavu, wa mtu aliyeamka mapema mno.
"Na huyu," akauliza,
kana kwamba naweza kwenda kuulizia,
"amekula?"